Gari Likianguka Ukaguzi wa Moshi: Namna ya Kuamua Kitakachotengenezwa

Karatasi ya ukaguzi ikirudi na maandishi kwamba gari limeanguka kwa sababu ya moshi, wenye magari wengi wa Nakuru, Kisumu na miji jirani huelekea gereji moja kwa moja na kumwambia fundi, "Nitengenezee moshi." Agizo hilo halina mpaka. Fundi aliyeambiwa hivyo, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, ataanza na kile anachokifahamu zaidi, na mwenye gari atalipia plagi, kisha injekta, kisha sensa, na mwishowe aambiwe kwamba injini yote inapaswa kufunguliwa. Moshi ni matokeo ya jinsi petroli au dizeli inavyochomwa ndani ya silinda, na matokeo yale yale huweza kuwa na sababu ya shilingi mia chache au ya shilingi laki moja. Kwa hiyo, kati ya kituo cha ukaguzi na gereji kuna hatua ambayo haifai kurukwa, nayo ni kukaa na vipimo, kuvisoma, na kuamua kitakachoguswa kwanza na kitakachoachwa.

Jambo hili linawahusu zaidi wenye matatu, malori na magari mengine ya biashara, ambao sheria ya Kenya inawataka wapeleke magari yao kukaguliwa kila mwaka, lakini maelezo yafuatayo yanamfaa pia mwenye gari la nyumbani. Ninawaomba wote wasilichukulie kama usumbufu wa kupata cheti tu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Moshi wa dizeli nao uliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwezi Juni 2012, katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Mama anayeuza ndizi kwenye steji ya Kondele kuanzia alfajiri hadi jioni hana dirisha la kufunga gari linapompulizia usoni, na mtoto aliyembeba mgongoni hana pia.

Anza na tarakimu

Ukiwa bado kituoni, omba karatasi yenye tarakimu zenyewe, kwa maana neno "limeanguka" halimwambii fundi lolote. Kwa gari la petroli, mashine ya kupima gesi hutoa kiasi cha kaboni monoksidi kwa asilimia, haidrokaboni kwa sehemu katika milioni, kaboni dioksidi, oksijeni, na kipimo kiitwacho lambda kinachoeleza uwiano wa hewa na petroli. Lambda ikiwa 1 kamili, hewa iliyoingia inatosha kuchoma petroli yote bila ziada. Ikishuka chini ya 1, petroli imezidi. Ikipanda juu ya 1, hewa imezidi. Kipimo kizuri huchukuliwa mara mbili, kwanza injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, halafu ikishikiliwa kwenye mizunguko kama 2,500 hadi 3,000 kwa dakika, na tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni ushahidi mkubwa.

Mipaka utakayopimwa nayo ni ile ya kituo chako, kwa hiyo mwulize mkaguzi akuandikie. Ili upate picha tu ya gari lenye afya, ukaguzi wa Uingereza unalitaka gari la kisasa la petroli, likiwa kwenye mizunguko ya juu, lisizidishe asilimia 0.2 ya kaboni monoksidi wala sehemu 200 za haidrokaboni, na lambda iwe kati ya 0.97 na 1.03. Gari lenye asilimia 3 au 4 ya kaboni monoksidi halijakosea kidogo. Limekosea mara kumi na zaidi, na hata bila mashine utalijua kwa harufu ya petroli isiyoungua inayowasha macho ukisimama nyuma yake.

Ikiwa uliandikiwa "moshi mwingi" kwa macho tu, bila kipimo, tafuta gereji yenye mashine ya kupima gesi na ulipie kipimo peke yake. Wengi huona uchungu kulipia karatasi wakati pesa ya matengenezo haijapatikana. Mimi naiona hiyo kuwa pesa inayookoa pesa nyingine kuliko zote zitakazotumika katika shughuli hii, kwa sababu bila tarakimu za kabla, hutaweza kamwe kujua kama kazi uliyolipia imebadilisha kitu.

Kabla ya kukubali kwamba gari ni bovu, jiulize pia lilipimwa katika hali gani. Katalaiza, lile kopo lililoko katikati ya bomba la ekzosi ambalo ndani yake mna matundu madogo madogo yaliyopakwa madini ya platini, paladi na rodi, haifanyi kazi ya kusafisha gesi mpaka ipate joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi. Gari lililotoka Milimani hadi kituoni kwa dakika chache, kisha likasimama kwenye foleni saa nzima likiwa limezimwa, hupimwa katalaiza ikiwa baridi, na huweza kuanguka ilhali halina ugonjwa mkubwa. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa na tarakimu zimepita mpaka kwa kiasi kidogo tu, jambo la kwanza ni kupima tena injini ikiwa imepata moto sawasawa. Usinunue chochote kabla ya hapo.

Namna ya kuzisoma tarakimu za petroli

Tuchukue mfano wa Probox iliyorudi na kaboni monoksidi asilimia 3.8, haidrokaboni 350 na lambda 0.89. Hapa lambda imeshuka, maana yake injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi haziwezi kulaumiwa kwanza, kwa sababu plagi mbovu huacha petroli pamoja na hewa yake vikipita bila kuungua, na hali hiyo haipandishi kaboni monoksidi kwa kiasi hicho. Swali la kuuliza ni moja: ni nini kinachoifanya injini kumwagiwa petroli?

Angalia chujio la hewa, ambalo katika barabara za vumbi za Rongai, Nyando au Bondo huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Kisha angalia kidhibiti cha msukumo wa petroli, kwa magari yanayokuwa nacho karibu na injekta: chomoa kile kimpira chembamba kinachokiunganisha na upande wa kuingizia hewa, ukinuse na ukitazame ndani, na ukikuta petroli imelowesha, utando wa ndani umepasuka na injini inainywa petroli kupitia njia isiyo yake. Injekta inayovuja baada ya injini kuzimwa huleta dalili ileile, na gari la namna hiyo huwa gumu kuwaka likiwa na moto. Sensa ya oksijeni iliyozeeka nayo huidanganya kompyuta ya gari kwamba hewa imezidi, na kompyuta kwa utiifu huongeza petroli.

Kuna sababu moja ambayo katika eneo letu inastahili aya yake. Mafundi wengi hung'oa temostati, ile vali inayozuia maji ya radieta kuzunguka mpaka injini ipate moto, wakiamini kwamba hapa kwetu kuna joto na gari litachemka likiachwa nayo. Matokeo yake ni injini ambayo haifiki kamwe kwenye joto lake la kazi, hasa asubuhi za Nakuru, Molo na Eldoret. Kompyuta, ikiambiwa na sensa ya joto kwamba injini bado ni baridi, huendelea kuongeza petroli kama vile ndiyo kwanza gari limewashwa, siku nzima. Mwenye gari huona matumizi ya petroli yamepanda, huona mshale wa joto umelala chini hata baada ya mwendo mrefu, na mwishowe huanguka ukaguzi. Ikiwa mshale wako hausimami katikati baada ya dakika kama 15 za mwendo, mwulize fundi waziwazi kama temostati ipo. Kurudisha temostati, kujaza kimiminiko sahihi cha radieta badala ya maji matupu ya bomba, na kuhakikisha feni inafanya kazi ni gharama ndogo mno ukilinganisha na katalaiza. Na ikiwa gari huchemka likiwa na temostati nzima, basi radieta imeziba au gaskiti ya kichwa cha injini imeanza kupitisha, na kuitoa temostati kulikuwa kuficha tu.

Sasa chukua gari la pili, lenye kaboni monoksidi asilimia 0.2, haidrokaboni 1,400 na lambda 1.08. Hapa petroli haijazidi, bali inapita bila kuungua. Silinda moja au zaidi zinakosa moto. Plagi, koili na waya za plagi ndizo za kutazamwa kwanza, na plagi yenyewe ni shahidi mzuri ukiijua lugha yake: ikitoka na rangi ya kahawia hafifu ni nzima, ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, petroli imezidi, ikiwa nyeusi na yenye utelezi wa mafuta, oili inaingia kwenye silinda, ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na silinda inapata joto la hatari. Mwambie fundi azipange plagi zote kwenye kitambaa kwa mfuatano wa silinda zake, usitazame moja tu, kwani moja iliyotofautiana na wenzake hukuonyesha silinda yenye tatizo papo hapo.

Haidrokaboni zikiwa juu injini ikinguruma bila kukanyagwa, lakini zikashuka kwenye mizunguko ya juu, shuku mpira wa hewa uliopasuka au gaskiti ya mdomo wa kuingizia hewa inayovuja, kwa kuwa tundu dogo huathiri sana injini inapovuta hewa kidogo na halisikiki injini inapovuta nyingi. Zikibaki juu hata baada ya kubadilisha plagi na koili, dai kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya silinda ya kubana hewa, kabla ya kununua kingine chochote. Silinda ambayo vali yake imeungua haitaponywa na plagi, hata zikiwa za bei gani.

Gari la tatu ndilo lenye bahati: kaboni monoksidi iko chini, haidrokaboni ziko chini, lakini lambda imefika 1.15 na mkaguzi amelikataa. Jumlisha kaboni monoksidi na kaboni dioksidi. Injini nzima ya petroli hutoa kaboni dioksidi karibu asilimia 14 au 15, kwa hiyo jumla yake isipofika hata 12, na injini haikosi moto, hewa ya nje imejichanganya na gesi kabla ya kufika kwenye mashine, na njia yake ni tundu kwenye ekzosi. Fundi azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito kilicholowa maji kwa sekunde chache injini ikiwaka, naye asikilize mahali panapotoa mlio. Mara nyingi ni kiungo kilicholegea au sehemu iliyooza kwa kutu, na dawa yake ni kuchomelewa. Kazi hiyo, na nyingine yoyote ya kuwasha injini kwa muda, ifanyike nje penye upepo. Gereji lililofungwa mlango lenye gari linalonguruma limewahi kuua watu wengi duniani.

Katalaiza ije mwisho

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na ndipo ninapomsihi msomaji awe na subira. Katalaiza ni ghali, na kwa sababu ya madini yaliyomo ndani yake ina wanunuzi hata ikiwa kuukuu. Magari mengi ya mtumba yako barabarani yakiwa na kopo tupu, kwa kuwa mtu fulani alilipasua, akatoa kilichomo na kulichomelea tena. Kwa hiyo gonga kopo lako taratibu kwa kiganja cha mkono, gari likiwa limepoa: likilia kama debe tupu halina kitu, na likicheza njuga, sega lake, yaani yale matundu ya ndani, limevunjika.

Hata hivyo, katalaiza iliyokufa huwa imeuawa. Petroli isiyoungua inayotoka kwenye silinda iliyokosa moto huenda kuungulia ndani ya katalaiza, ikaipandisha joto mpaka sega likayeyuka. Oili inayopita kwenye ringi za pistoni huipaka uchafu usiotoka. Ukiweka katalaiza mpya kwenye injini ambayo bado inakosa moto au inayokula oili, utapita ukaguzi wa mwezi huu na kuanguka ule wa mwaka ujao, ukiwa umenunua kifaa cha bei kubwa ili kikafie kwenye ugonjwa uleule. Utaratibu ni kuiponya injini kwanza, kupima tena, na kuihukumu katalaiza baadaye. Lambda ikisimama karibu na 1, injini ikiwa na moto, plagi zikiwa safi, na bado kaboni monoksidi na haidrokaboni zimepita mpaka kwenye mizunguko ya juu, hapo ndipo katalaiza imepatikana na hatia. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ikionyesha kosa la P0420, linaloashiria katalaiza dhaifu, uchukue kama ushahidi wa kuunga mkono tu. P0300, inayoashiria silinda kukosa moto, na P0172, inayoashiria petroli kuzidi, zikionekana pamoja nayo, zishughulikie hizo mbili kwanza.

Mtu akikuahidi kufuta makosa hayo kwenye kompyuta siku ya ukaguzi ili taa ya injini izimike, kataa. Taa itazimika kwa muda, lakini mashine ya gesi haiulizi taa, na utakuwa umefuta kumbukumbu ambazo fundi angezitumia.

Dizeli

Kwa lori la Isuzu au Hiace ya dizeli, kinachopimwa ni weusi wa moshi, na rangi yake ndiyo tarakimu yako ya kwanza. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua: chujio la hewa limeziba, mpira unaotoka kwenye turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, umepasuka, vali ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini imekwama wazi, ncha za injekta zimechakaa na zinamwaga matone badala ya ukungu, au pampu imefunguliwa zaidi ili gari lipande milima likiwa na mzigo. Hili la mwisho ni la kawaida kwa malori ya miwa ya Muhoroni na Mumias na kwa yale yanayopanda Salgaa kuelekea Mau Summit, na mara nyingi mwenye gari mwenyewe ndiye aliyeagiza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, iwe imepitia kwenye ringi, kwenye sili za vali au kwenye turbo. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikipata moto huashiria taimingi iliyoteleza, yaani dizeli kupulizwa kwa wakati usiofaa, au maji yanayoingia kwenye silinda, na ukiona maji ya radieta yanapungua bila kuvuja nje, usiendelee kuliendesha.

Fuata mpangilio wa gharama: chujio la hewa, mipira ya turbo, kusafisha EGR, chujio la dizeli, kisha injekta zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia, na pampu iwe ya mwisho. Injekta zipimwe kabla ya kubadilishwa, kwa maana huenda mbili kati ya nne ni nzima. Zingatia pia mahali unapojaza mafuta. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji huo. Mafuta ya taa hupunguza ulainishaji wa pampu na injekta, na kifaa kilicholika kwa sababu hiyo hakirudi hali yake kwa kubadilisha kituo cha mafuta. Ukishatengeneza, nunua mafuta mahali pamoja panapoaminika na utunze risiti.

Kipimo cha dizeli huchukuliwa kwa kukanyaga mafuta hadi mwisho mara kadhaa gari likiwa limesimama. Injini yenye mkanda wa taimingi uliozeeka inaweza kukatika mkanda hapo hapo, kwa hiyo ujue umri wa mkanda na kiwango cha oili kabla ya kurudi kituoni.

Mwinuko wa mahali nao una neno lake. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban 1,850, na Timboroa inazidi 2,700. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Gari lenye kompyuta hujirekebisha lenyewe, lakini gari la kabureta lililopangwa vizuri Kisumu litazidisha petroli likipanda Nakuru, na dizeli isiyo na turbo itatoa moshi zaidi. Magari ya namna hiyo yapangwe katika mji yatakakopimiwa.

Wakati wa kutengeneza na wakati wa kuacha

Kazi ndogo hazihitaji kufikiriwa sana: chujio, plagi, temostati, mpira uliopasuka, tundu la ekzosi na oili mpya vifanyike hata kama gari utaliuza kesho. Oili iliyopitiliza muda wake hujaa petroli, na mvuke wake hurudishwa kwenye injini na kuongeza haidrokaboni, kwa hiyo kuibadilisha kabla ya kupima tena si anasa.

Ugumu huanza kompresheni ikiwa chini au oili ikiungua. Chukua thamani ya gari likiwa zima na lina cheti, toa bei ya kuliuza leo lilivyo, na ulinganishe tofauti hiyo na gharama yote ya kazi pamoja na siku ambazo gari halitaingiza pesa. Tuseme gari zima ni shilingi 450,000, lilivyo leo utapata 330,000, na kufungua injini kutagharimu 140,000 pamoja na majuma mawili bila kazi. Kwa mwenye nia ya kuliuza, matengenezo hayo ni hasara. Kwa mwenye nia ya kulitumia miaka mingine mitatu, huku gia, bodi na breki zikiwa imara, huenda yakafaa, kwa sababu gari jingine la 330,000 litakuja na siri zake. Ukiuza, mwambie mnunuzi ukweli na umpe karatasi ya vipimo. Kumwuzia mtu gari la kuanguka ukaguzi huku umenyamaza ni kumwibia.

Wapo watakaoshauri kununua injini ya mtumba kutoka Japani na kuibadilisha yote. Ni njia halali, na wakati mwingine ni ya nafuu kuliko kufungua ile ya zamani, lakini nambari ya injini imeandikwa kwenye rekodi za gari na mabadiliko lazima yasajiliwe. Nunua tu mahali unapopewa hati za injini na nafasi ya kuisikia ikiwaka na kupimwa kompresheni kabla ya kulipa. Hivyo ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza.

Kuzungumza na fundi, na kurudi kituoni

Fundi mwema hakasiriki akipewa karatasi. Mwambie hivi: "Fundi, hizi ndizo tarakimu. Kabla hujafungua chochote, niambie unashuku nini na utakithibitishaje." Akijibu kwa kutaja kipimo atakachofanya, umempata. Akijibu kwa kutaja spea ya kununua, mshukuru na uende kwingine. Kubalianeni kwamba kazi itafanywa kwa hatua, kitu kimoja baada ya kingine, na gari lipimwe gesi baada ya kila hatua kubwa, kwa kuwa vitu vitano vikibadilishwa pamoja hutajua ni kipi kilichotibu. Dai spea za zamani zote. Katalaiza ya zamani hasa ni mali yako, na ikiuzwa, pesa yake ipunguze bili yako.

Siku ya kurudi, usiende ukiwa na tangi linalokaribia kuisha wala petroli iliyokaa miezi. Lipeleke gari barabarani kwa dakika 20 au 30 kabla ya foleni, kwa mwendo wa kuipa injini kazi: kutoka Kisumu, mpando wa Mamboleo hadi Kiboswa unatosha, kutoka Nakuru, nenda Njoro na kurudi. Lori la dizeli likifanyiwa hivyo hutema pia masizi yaliyokwama kwenye bomba. Foleni ikiwa ndefu, usizime injini kwa muda mrefu, na zamu yako ikikaribia, ishikilie kwenye mizunguko ya juu kidogo kwa dakika mbili tatu mahali pasipo na watu nyuma ili katalaiza irudie joto lake. Mkaguzi akimaliza, omba karatasi mpya yenye tarakimu hata kama umepita, uiweke pamoja na ile ya kwanza na risiti za matengenezo, na mwakani uilinganishe na mpya kabla ya kuanza kununua spea.